Shati la Baba Kwenye Mti wa Bustani

Ninaanza kwa kumshukuru Mungu, aliyenifikisha kiangazi hiki kingine nikiwa na magoti yanayopinda, ingawa yanalia, na pua ambayo bado inanusa. Sifa ziende kwake kwanza, ndipo maneno yangu yafuate.

Asubuhi ya leo nilikuwa nyuma ya nyumba yangu hapa Mukendo, Musoma mjini, nikihamisha miche ya nyanya kutoka kitaluni. Mvua za masika zimekatika, lakini udongo ukiuchimba kidogo bado una ubaridi, na huu ndio wakati mzuri wa kuanza bustani kabla jua halijawa kali. Jirani yangu, binti ambaye ndoa yake bado changa, alikuwa anaanika mashati ya mumewe kwenye kamba iliyo karibu na ukuta wangu. Upepo wa ziwa ukavuma, ukaniletea harufu ya sabuni ya mche. Nikabaki nimeinama, mche wa nyanya mkononi.

"Bibi, vipi tena?" akaniuliza. "Mgongo?"

"Siyo mgongo, mwanangu. Wewe anika tu."

Watu wengi wakisikia harufu ya shati lililofuliwa wanaona raha. Mimi inanisimamisha kazi tangu utoto, na sijawahi kumweleza mtu kwa nini. Ninyi wa umri wangu, mliosimama foleni na sisi kwenye duka la kijiji na kurudi mikono mitupu, nadhani mtanielewa.

Nilizaliwa Kiriba, kwenye ile rasi inayoingia ziwani, ambako kila nyumba ilikuwa na jembe na wavu. Baba yangu aliondoka na mgambo wa kijiji kwenda vitani, kule ng'ambo ya mto Kagera. Siku hiyo alikuwa shambani tangu alfajiri, anang'oa visiki. Lori likafika barabarani, likapiga honi, likapiga tena. Baba akaingia ndani akivuja jasho, akavua shati lake la kazi, la kaki, lililochanika kwapani, akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Akavaa la kanisani. Mama akalishika lile la kazi ili alipeleke kwenye maji.

"Liache hapo," baba akasema. "Nikirudi nalivaa hivyo hivyo, namalizia visiki vyangu."

Mama akaliacha. Nilikuwa mdogo, lakini nilikuwa na akili ya kukumbuka, na hayo ndiyo maneno yake ya mwisho ninayoyakumbuka mimi.

Vita ikaisha. Wanaume wakaanza kurudi mmoja mmoja, wamekonda, wengine na redio begani na vipande vya sabuni kwenye mabegi, vitu ambavyo kwetu vilikuwa vimepotea kabisa. Mama alikwenda kwa kila aliyerudi, mgongoni amembeba mdogo wangu ambaye baba hakuwahi kumwona. Mmoja alisema alimwona baba karibu na daraja. Mwingine alisema hapana, walitenganishwa mapema, hajui. Mwingine aliinamisha kichwa, akaomba maji ya kunywa. Hakuna aliyesema amekufa, wala aliyesema yu hai. Tukarudi nyumbani, na mama akapika uji wa unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, bila sukari na bila chumvi, akaomba kwa muda mrefu kabla hatujala, mpaka uji ukapoa.

Kiangazi kilipoingia akalima bustani. Kipande chetu kilikuwa chini kabisa, karibu na mafunjo, mahali ambapo maji ya ziwa hayako mbali na ndoo ya mtoto. Akapanga matuta: mchicha, figiri, vitunguu, na nyanya. Samadi tulibeba kwenye ungo kutoka zizi la bibi mmoja aliyetuhurumia. Nilifundishwa kufunika miche kwa majani makavu asubuhi na kuifunua jioni, kumwagilia shinani na siyo juu ya jani, kupunguza mchicha pale uliposongamana. Nyanya mama alizipa tuta zuri kuliko yote.

"Baba yako anapendaga nyanya mbichi na chumvi," alisema. "Zikiiva atakuwa amefika."

"Na chumvi itatoka wapi?"

"Chumvi atakuja nayo yeye."

Basi mimi nilizimwagilia nyanya zile kama mtu anayemwita baba yake. Kila ua la njano lililofunguka nililiona ni hatua moja aliyopiga barabarani.

Sasa niwaeleze jambo la bustani za pale kwetu, kwa wale ambao hawakukulia ufukweni. Adui wa bustani hakuwa mbuzi wala kunguru, alikuwa kiboko. Anatoka majini watu wakiwa wamelala, anakula, anakanyaga, na alichokanyaga hakiinuki. Miiba haimzuii. Wazee wetu waliamini kwamba kinachomrudisha ni harufu ya mwanaume. Kwa hiyo kila bustani ilikuwa na mti uliosimikwa upande wa ziwani, na juu ya mti shati la mwenye nyumba, halijafuliwa, lenye jasho lake. Wataalamu wakicheka na wacheke. Mimi nasema nilivyoona. Mke aliyefiwa alipewa shati na shemeji yake. Na shati likishapanda juu ya mti, kila apitaye anajua bustani ile iko chini ya nani. Hilo la mwisho ndilo ambalo mimi, mtoto, sikulijua.

Akina mama walipokuwa wanateka maji walitaniana sana juu ya mashati hayo.

"Shati la mume wangu," alisema mmoja, "kiboko akilisikia anarudi mpaka ng'ambo."

"Hata sisi tunalisikia, dada! Jana nimeshindwa kula."

"Cheka tu. La kwako wewe mume hafanyi kazi, atatoa wapi jasho? Kiboko atalala chini yake!"

Mama alicheka nao. Lakini mti wetu ulikuwa mtupu. Nyanya zilikuwa zimefika magotini kwangu ndipo baba mdogo Masatu, mdogo wake baba, alipokuja akiwa kifua wazi, shati lake amelikunja kwapani. Alikuwa mtu wa mzaha, lakini siku hiyo aliongea kama mtu aliye mbele ya wazee.

"Shemeji, viboko wamepita kwa Mama Bwire juzi. Nimekuletea hili."

Mama aliendelea kupalilia. "Mwenye nyumba ana shati lake, shemeji."

"Najua. Nasema tu, kwa sasa. Mpaka..."

"Mpaka nini?"

Baba mdogo akatazama ziwa. "Basi, shemeji. Nisamehe."

Akavaa shati lake akaondoka. Nilimwonea huruma. Nilimuuliza mama kama amelikataa kwa sababu lilikuwa na matundu mgongoni. Mama akasema, "Ndiyo, lina matundu." Nikaridhika. Nilidhani mama yangu ana maringo kidogo juu ya mashati, na nikapenda kwamba ana maringo.

Jioni hiyo alifungua mlango, akautazama msumari. Akalishusha shati la baba, akaliweka usoni, akakaa nalo hivyo mpaka mdogo wangu akaanza kulia. Kisha akateremka bustanini, akalivisha juu ya mti, akafunga vifungo vyote kama anamvisha mtu. Vifungo viwili havikuwepo. Mahali pake alichomeka miiba.

Tangu siku hiyo bustani yetu ilikuwa na mtu. Nikifika asubuhi na ndoo yangu nilikuwa napiga goti kidogo, nasema, "Shikamoo baba." Mama hakunikataza. Mara nyingine, upepo ukijaza mikono ya shati, alisema, "Amekuitikia, hebu anza kazi." Nyayo za viboko tuliziona kwenye tope la majirani, pana kama sufuria, lakini kwetu hazikuvuka mafunjo. Mama alisema ni rehema za Mungu. Mimi nilisema ni baba. Hatukubishana.

Nyanya zikatunga, zikawa kubwa, zikaanza kubadilika rangi upande mmoja. Wiki hiyo ndipo shangazi Nyamisi alipokuja.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba, ameolewa Bunda, pale Manyamanyama, mbali na ziwa, tangu usichana wake, na mambo ya mashati ya ufukweni alikwisha kuyasahau. Alikuwa na moyo mpana na sauti kubwa. Alifika akiwa na kikapu, na ndani ya kikapu, chini ya viazi, amefunga kwenye kitambaa, mche mzima wa sabuni. Mche mzima! Sisi tulikuwa tunafulia majani ya mpapai na majivu. Mama aliushika kwa mikono miwili, akaunusa, akamrudishia.

"Wifi, hii utauza ule chakula."

"Nani auze? Nimekuja kuwafulia. Mmenuka shida vya kutosha."

Mimi nilipouona ule mche wa sabuni, moyo uliruka. Waliorudi vitani si ndio waliokuja na sabuni? Nilijua basi kwamba baba amefika Bunda, amemtanguliza dada yake na mzigo, na yeye yuko nyuma. Sikumuuliza mtu, maana nilitaka iwe kweli bila kuulizwa.

Kesho yake mama alimpeleka mdogo wangu kliniki Musoma mjini, akiomba nafasi kwenye lori la samaki. Shangazi akabaki nami, na akaanza kufua. Alifua shuka, kanga, magauni, akafua mpaka tambara la kushikia sufuria. Povu lilielea ziwani jeupe, na watoto wa jirani wakaja kulichota na viganja wakapuliza. Niliimba. Shangazi naye aliimba, nyimbo za kanisani, akigonga nguo kwenye jiwe kwa kufuata mapigo. Jua lilipoanza kupinda aliinua kichwa, akaona shati juu ya mti.

"Ee Mungu wangu. Hilo si shati la kaka yangu?"

"Ni la baba," nikamwambia kwa fahari.

"Ndiyo mmelifanya tambara la kutishia ndege? Ona lilivyo, kola nyeusi kama sufuria. Ndivyo atakavyolikuta akirudi?"

Nilisikia neno "akirudi", nikatosheka. Akalishusha, akatoa ile miiba ya vifungo, akalipaka sabuni na kulisugua kwa gunzi la mahindi, mgongo, kola, na kwapani, hasa kwapani. Maji yaliyotoka yalikuwa ya kahawia, kisha ya kijivu, kisha meupe. Alilisuuza mara nyingi, machozi yanamtoka na bado anaimba. Alilianika juu ya jiwe la moto, likakauka upesi, akalishonea na vifungo viwili alivyovikata kwenye gauni lake mwenyewe. Kabla giza halijaingia alilirudisha juu ya mti, akalinyoosha mabega.

"Haya. Sasa ni shati la mtu."

Lilikuwa zuri kweli. Lilinukia kama Jumapili. Mama alirudi gizani, mtoto ana homa, akaingia ndani moja kwa moja. Hakuna aliyemwambia; shangazi alitaka alione mwenyewe asubuhi.

Asubuhi hapakuwa na bustani. Matuta yalikuwa yamelala yote. Mchicha ulikuwa umeliwa mpaka udongo, vitunguu vimezamishwa kwenye tope, na tuta la nyanya lilikuwa njia, nyayo juu ya nyayo, na nyanya zilizokuwa karibu kuiva zimepondwa, mbegu zake zikimetameta juani. Mti tu ulikuwa umesimama, na shati juu yake, safi, bila tone la tope.

Nililia kwa ajili ya nyanya. Nilitaka mama aziokote, aone kama zipo zilizosalia. Lakini mama alipita juu ya matuta bila kutazama alikokanyaga, akakanyaga hata zile chache zilizokuwa nzima, akaenda moja kwa moja kwenye shati. Akaliweka usoni. Akavuta pumzi. Akaligeuza, akatafuta kwapani, akavuta tena. Akatafuta kola. Nilidhani anajifuta machozi, lakini macho yake yalikuwa makavu.

Shangazi alikuwa nyuma yangu. "Wifi, nimelifua kwa sabuni ile ile. Nimelisugua sana. Nilitaka..." Nafikiri ndipo akili ilipomfikia. Akaketi kwenye tope na gauni lake. "Lilikuwa bado na jasho lake?"

"Lilikuwa nalo, wifi."

"Uwii, mama yangu. Nimeua. Nimeua kaka yangu."

"Usiseme hivyo," mama akasema. Aliongea taratibu sana. "Umefanya wema. Nakushukuru kwa vifungo."

Mimi nilisimama kati yao nikidhani wanaongea juu ya mboga. Nilimwambia mama kwamba baba akija na sabuni nyingine na chumvi tutapanda upya. Shangazi akaniangalia, akafunika uso kwa kanga. Siku ile ile akarudi Bunda, hakula.

Siku zilizofuata mama hakwenda bustanini. Mabaki ya miche kitaluni niliyamwagilia mwenyewe. Homa ya mdogo wangu ilipungua, lakini mashavu yake yalikuwa yamebonyea, na nyumbani hakukuwa na mboga wala samaki. Ndipo siku moja mama akachukua jembe, akateremka, akafufua matuta, akahamisha miche iliyobaki. Nikafurahi, nikajua tumeanza tena. Baba mdogo Masatu alikuwa anashona wavu wake kwenye jiwe la juu. Mama alisimama wima, jembe mkononi, akamwita kwa sauti ambayo akina mama wote waliokuwa wanateka maji waliisikia.

"Shemeji. Lete shati."

Baba mdogo akauacha wavu juu ya jiwe. Kisha akateremka, akavua shati lake njiani. Hakufanya mzaha hata mmoja. Alilivisha juu ya mti, lile la matundu mgongoni. Kule majini kicheko kikakatika. Mama mmoja akaweka ndoo chini. Mwingine akafungua kilemba akajifunga kiunoni. Wakaja mmoja mmoja, wakamshika mama mkono.

"Pole, mama. Pole sana."

"Mungu akutie nguvu."

Sikuelewa. Bustani ilikuwa inaanza tena, miche ilikuwa imesimama vizuri, na watu wanatoa pole. Niliona labda ni pole ya kazi. Hata nilipoona bibi mmoja ameketi chini na kuanza kuomboleza kwa kilugha chetu, akilitaja jina la baba, nilifikiri anamwita ili aje upesi.

Kesho yake asubuhi nilifika na ndoo yangu. Shati lilikuwa limejaa upepo, limenyoosha mikono. Nikapiga goti kama kawaida.

"Shikamoo baba."

Mama alikuwa nyuma yangu. Aliweka mkono juu ya kichwa changu, mkono mzito wenye udongo.

"Sema, shikamoo baba mdogo."

Nikamtazama. Nikatazama shati. Nikasema, "Shikamoo baba mdogo." Ndipo nilipojua, bila mtu kuniambia zaidi ya hayo. Nilichota maji, nikamwagilia shinani, siyo juu ya jani, tuta moja baada ya jingine mpaka mwisho.

Mjue kwamba mama hakuolewa na shemeji yake. Alimwambia hivyo mbele ya mzee wa kanisa, na baba mdogo alikubali kwa heshima, akaendelea kutuletea furu, wale samaki wadogo wa ziwani, na shati kila kiangazi bila kudai kitu. Kaburi la baba hatukuwa nalo, wala hatunalo. Shati lake mama alilikata nepi za mdogo wangu, kwa kuwa lilikuwa limebaki kitambaa tu, na kitambaa kilikuwa adimu. Nilimsaidia kushika upande mmoja alipokuwa anapitisha mkasi. Vile vifungo viwili vya shangazi alivirudisha Bunda kwa mtu aliyekuwa anakwenda huko. Na bustani ile ya pili ilizaa. Nyanya zikaiva, tukazila bila chumvi.

Nimehubiriwa mara nyingi kwamba kila jambo lina makusudi yake, na mimi namwamini Mungu kwa moyo wote. Lakini makusudi ya hili sijaonyeshwa, na kwa umri huu sidhani nitaonyeshwa upande huu wa kaburi. Namshukuru bila kuonyeshwa. Miche yangu ya leo nimeimaliza kupanda, na mti wa upande wa ukuta nimeusimika, ingawa Mukendo hakuna kiboko. Hauna kitu juu.

Wewe uliyesoma, Mungu akulindie walio mbali nawe. Wakirudi, akupe macho ya kuwaona. Wasiporudi, akupe mtu wa kukuwekea mkono kichwani, akufundishe polepole maamkizi yako mapya. Amina.